Kutoka -e hadi -ngali-: Sarufi ya Zamu katika Mchezo wa Vita vya Pasifiki

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna mchezo wa kivita wa zamu unaohusu vita vya anga na nchi kavu katika Bahari ya Pasifiki unavyoweza kusomwa kama matini. Mfano mkuu ni kampeni ya Guadalcanal ya mwaka 1942–1943 kama inavyoshughulikiwa katika mchezo wa kompyuta uitwao War in the Pacific: Admiral's Edition. Inaoneshwa kwamba zamu moja hupitia hatua tatu ambazo Kiswahili huzipambanua kwa mofimu: agizo (-e na -ki-), tukio (-ka-) na tathmini (-nge- na -ngali-). Hoja ya makala ni kwamba thamani ya mchezo huu imo katika kuifanya -ngali- ya historia irudi kuwa -nge- kwa muda. Hata hivyo, masharti hayo yana mpaka: asiyepewa kete katika mchezo hapati nafasi ya kiima katika sentensi zake.

1.0 Utangulizi

Mchezo wa kivita wa zamu ni ule ambao wachezaji wawili, au mchezaji mmoja na kompyuta, huendesha majeshi juu ya ramani kwa kutoa maagizo, kusubiri matokeo, kisha kutoa maagizo mengine. Umbo lake la kisasa lina asili yake Prussia, ambako mwaka 1824 luteni Georg von Reisswitz alichapisha kanuni za mchezo wa kuwafunza maofisa. Mchezo huo ulitumia ramani, vipande vilivyowakilisha vikosi, dadu na mwamuzi. Nchini Marekani, Charles S. Roberts alichapisha Tactics mwaka 1954, na kampuni yake ya Avalon Hill, iliyoanza mwaka 1958, ikaufanya utanzu huu kuwa bidhaa ya raia wa kawaida. Vita vya Pasifiki viliingia mapema katika orodha ya mada zake.

War in the Pacific, uliobuniwa na Gary Grigsby na wenzake, ulitoka mwaka 2004. Toleo lake la Admiral's Edition lilifuata mwaka 2009. Zamu moja huwakilisha siku moja, na ramani imegawanywa katika pembesita zenye upana wa maili 40 za baharini, yaani takriban kilomita 74. Kampeni yake ndefu huanza Desemba 1941. Mchezaji anayeifuata hadi tarehe ambayo Japani ilitia saini hati ya kusalimu amri, 2 Septemba 1945, huwa amecheza zaidi ya zamu 1,300. Wachezaji wawili wanaopelekeana zamu kwa barua pepe wanaweza kutumia miaka kadhaa kuimaliza.

Msomaji wa Kiswahili haji mikono mitupu kwenye utanzu huu. Bao limekwisha kumpa dhana za zamu, kete, kula na kuliwa, pamoja na ile nidhamu ya kuhesabu mbali kabla ya kutia mkono shimoni. Ila tofauti moja ni ya msingi. Katika bao la Kiswahili, mashimo yote 32 yako mbele ya macho ya wachezaji wote wawili. Anayeshindwa ameshindwa kuhesabu, hakushindwa kuona. Katika mchezo unaojadiliwa hapa, kete za adui hufichwa, na hata habari zinazomfikia mchezaji kuhusu kete zake mwenyewe zinaweza kuwa na makosa. Kwa hiyo mchezaji hucheza na habari kabla ya kucheza na majeshi, na habari ni suala la lugha.

2.0 Uwanja mmoja wa ndege

Guadalcanal inafaa kuwa mfano kwa sababu kampeni yake nzima ilizunguka kitu kimoja. Katikati ya mwaka 1942 Wajapani walikuwa wakijenga kiwanja cha ndege kaskazini mwa kisiwa hicho, katika Visiwa vya Solomon. Tarehe 7 Agosti, Divisheni ya Kwanza ya Marine ya Marekani, chini ya Meja Jenerali Alexander Vandegrift, iliteremka pwani, ikakitwaa siku iliyofuata. Kiwanja hicho kiliitwa Henderson kwa kumbukumbu ya rubani Lofton Henderson aliyeuawa katika mapigano ya Midway mwezi Juni. Ndege za kwanza za kivita za Wamarekani zilitua hapo tarehe 20 Agosti.

Tangu siku hiyo mambo yakageuka kuwa hesabu ya masafa. Ndege za Kijapani zilitoka Rabaul, umbali wa takriban kilomita 1,000. Zilipofika, marubani walikuwa wamechoka na mafuta yaliyosalia yaliruhusu dakika chache tu za mapigano. Mchana, anga ya kisiwa ilikuwa ya Wamarekani. Usiku, bahari ilikuwa ya Wajapani, waliotumia manowari zenye kasi kushusha askari na chakula kisha kuondoka kabla ya mapambazuko. Usiku wa kuamkia 14 Oktoba, manowari kubwa Kongo na Haruna zilikipiga kiwanja kwa makombora zaidi ya 900, lakini halikufungwa kabisa. Majeshi ya nchi kavu ya Japani yalijaribu mara kadhaa kukitwaa na kushindwa. Mwanzoni mwa Februari 1943, Wajapani waliondoa askari wao waliosalia, zaidi ya 10,000.

Katika mchezo, umbali kati ya Rabaul na Henderson ni takriban pembesita 14, na eneo lote lililopiganiwa kuzunguka kiwanja hutosha katika pembesita moja. Ukweli huu wa vipimo una maana kubwa kimatini. Mapigano ya vilima na mito ambayo masimulizi ya kawaida huyapa sura nzima hubanwa ndani ya alama moja, ilhali safari za anga na bahari zilizoyalisha mapigano hayo hupanuliwa. Mchezo humlazimisha msomaji wake kuona kwamba vita vya nchi kavu viliamuliwa na vile vya anga, na vile vya anga vikaamuliwa na mapipa ya mafuta.

3.0 Hatua ya agizo: -e na -ki-

Hatua ya kwanza ya zamu ni ya kutoa maagizo. Mchezaji huchagua kazi ya kila kikosi cha ndege, mwinuko, masafa, na asilimia ya ndege zitakazopumzika. Huunda misafara ya meli na kuipa bandari ya kwenda na ya kurudi. Huamua kama vikosi vya nchi kavu vitalinda, vitapiga mizinga au vitashambulia. Maagizo hayo yakitafsiriwa katika sentensi za Kiswahili, huchukua sura kama hizi:

(1) Ndege za upelelezi ziruke kuelekea kaskazini-magharibi hadi pembesita kumi.

(2) Meli za adui zikionekana, ndege za mabomu zizishambulie.

(3) Kikosi kisishambulie kabla ya chakula kufika.

Jambo la kuzingatia ni kwamba sentensi hizi haziko katika hali ya kuamuru yenye nafsi ya pili, kama *ruka!* au *shambulieni!* Ziko katika hali tegemezi yenye kiishio -e. Hali ya kuamuru humkabili msikilizaji aliyepo, anayeweza kutii au kukataa papo hapo. Hali tegemezi huzungumzia nafsi ya tatu iliyo mbali, na huacha pengo kati ya kutaka na kutendeka. Pengo hilo ndilo kiini cha hatua ya kwanza. Mchezaji hawezi kumwambia rubani yeyote *ruka!* Anaweza tu kuagiza kwamba ndege ziruke, kisha hali ya hewa, uchovu, ari na tabia ya kamanda aliyeteuliwa viamue kama zitaruka, ngapi, na kama zitafika.

Sentensi ya (2) inaongeza mofimu -ki-. Mchezaji hajui kama meli za adui zitaonekana, kwa hiyo huliacha sharti likiwa wazi na kumkabidhi mwingine utekelezaji. Hivi ndivyo makamanda halisi wa Pasifiki walivyofanya kazi. Admirali aliyekuwa umbali wa mamia ya kilomita alipanga masharti. Hakupanga matukio. Mchezaji mgeni aghalabu hutoa maagizo kana kwamba yote yako katika hali ya kuamuru, na hushangaa yasipotekelezwa. Anapokomaa hujifunza kufikiri kwa -ki-: hili likitokea, lile lifanyike, na lisipotokea, meli zirudi.

4.0 Hatua ya tukio: -ka-

Maagizo yakishafungwa, mchezaji hana tena mamlaka. Kompyuta huyatekeleza maagizo ya pande zote mbili kwa pamoja, kuanzia usiku hadi mchana, na hutoa taarifa ya maandishi: nani amekutana na nani, wapi, katika hali gani ya hewa, kwa hasara gani. Taarifa hiyo ni usimulizi wa mfululizo, na mofimu yake katika Kiswahili ni -ka-. Tukio la kihistoria la usiku wa kuamkia 9 Agosti 1942 linaweza kusimuliwa hivi:

(4) Kundi la Makamu Admirali Mikawa liliondoka Rabaul, likaonwa na ndege za upelelezi, likaendelea, likaingia katika mlango wa bahari wa Savo usiku, likaangamiza manowari nne kubwa za Washirika, likarudi.

Kitenzi cha kwanza chenye -li- huweka wakati, na vilivyobaki hushikana mikono kwa -ka-. Lakini -ka- hutaja mfuatano. Haitaji sababu. Sentensi ya (4) haisemi kwa nini kundi lililokwisha kuonwa liliweza kushambulia kwa ghafla, wala kwa nini mshindi alirudi. Msomaji ndiye anayejaza *kwa sababu*. Mchezaji anayesoma taarifa ya zamu yake yuko katika hali hiyohiyo. Anaona kwamba ndege ziliruka, zikakosa shabaha, zikarudi pungufu. Hajaambiwa kama kosa lilikuwa mwinuko, mawingu, uchovu wa marubani au bahati mbaya.

Fauka ya hayo, taarifa yenyewe inaweza kudanganya. Mchezo hutumia kanuni ya ukungu wa vita, ambayo huruhusu meli iliyoharibiwa kutajwa kuwa imezama, au idadi ya adui kukuzwa. Msimulizi wa taarifa, kwa istilahi ya nadharia ya usimulizi, ni msimulizi asiyeaminika. Katika riwaya, msomaji hulitambua jambo hilo kwa kulinganisha kauli za msimulizi na matukio. Katika mchezo hulitambua zamu kadhaa baadaye, meli aliyoambiwa imezama inapotokea tena ikiwa na mizinga yake. Hapo husoma upya taarifa zote za nyuma kwa shaka. Kosa la usomaji hulipiwa kwa meli na watu wa kubuni, na hapo ndipo ufahamu wa matini unapokuwa na matokeo.

5.0 Hatua ya tathmini: -nge- na -ngali-

Kamanda wa Kijapani aliyetajwa katika (4), Gunichi Mikawa, alikuwa na nafasi ya kuendelea hadi kwenye meli za mizigo zilizokuwa zingali zikishusha vifaa vya jeshi la Vandegrift. Hakuendelea. Alihofia kwamba kukicha angeshambuliwa na ndege kutoka manowari za kubeba ndege za Wamarekani. Hakujua kwamba manowari hizo, chini ya Fletcher, zilikuwa zikiondoka eneo hilo. Uamuzi huo umejadiliwa tangu wakati huo, na mjadala wake unaweza kuwekwa katika sentensi mbili:

(5) Mikawa angeendelea, angeziangamiza meli za mizigo.

(6) Mikawa angaliendelea, angaliziangamiza meli za mizigo.

Vitabu vingi vya sarufi hufundisha kwamba -nge- hudokeza sharti ambalo bado lingewezekana, na -ngali- sharti ambalo wakati wake umekwisha kupita. Katika matumizi halisi, wazungumzaji wengi huzitumia mofimu hizi bila kuzipambanua, na wengine wameiacha -ngali- karibu kabisa. Kwa sababu hiyo, upambanuzi huo huonekana kuwa wa vitabuni tu. Mchezo wa kivita unaupa muktadha wa kiutendaji. Sentensi ya (6) ni ya mwanahistoria: usiku wa Savo umekwisha, na hakuna wa kuurudisha. Sentensi ya (5), kwa maana hiyo ya kisarufi, ni ya mchezaji aliyekalia kiti cha Mikawa kabla ya zamu kufungwa. Kazi ya mchezo ni kuichukua -ngali- ya historia na kuirudisha kuwa -nge-, halafu kuijaribu.

Hapa ndipo tatizo linapojitokeza. Mchezaji wa leo anajua kwamba manowari za Fletcher hazipo. Anaketi mahali pa -nge- akiwa na ujuzi wa -ngali-. Akiendelea mbele na kuangamiza meli za mizigo, hajathibitisha kwamba Mikawa alikosea. Amethibitisha tu kwamba mtu mwenye habari za baadaye huamua vizuri zaidi kuliko mtu asiye nazo. Vivyo hivyo, mchezaji wa upande wa Japani anayeharakisha ujenzi wa kiwanja cha ndege cha Buin, kusini mwa Bougainville, hufanya hivyo kwa kuwa anajua vita vitadumu miezi sita juu ya kisiwa kimoja. Mwezi Agosti 1942, makao makuu ya Japani hayakulijua hilo. Tathmini ya haki humtaka mchezaji aulize kila mara: je, sharti hili lilikuwa wazi kwa nani, na kwa habari zipi?

Swali hilo lina upande wa pili. Kama mchezaji anaweza kuharibu -nge- kwa kujua mno, mwamuzi anaweza kuiharibu kwa kukataa kusikia. Kwa mujibu wa masimulizi ya maofisa wa Japani yaliyochapishwa baada ya vita, mwezi Mei 1942 mpango wa Midway ulijaribiwa kwa mchezo wa mezani ndani ya manowari Yamato. Dadu zilipotoa mabomu tisa yaliyozipiga meli za kubeba ndege za Japani, Matome Ugaki, aliyesimamia mchezo, aliyapunguza yakawa matatu. Kaga ilihesabiwa kuwa imezama, kisha ikarejeshwa ili ishiriki katika hatua iliyofuata. Mwezi mmoja baadaye, katika mapigano halisi, Kaga, Akagi na meli nyingine mbili za kubeba ndege zilipotea.

Haifai kudai kwamba dadu zilitabiri. Dadu hazitabiri kitu. Lililotokea mezani lilikuwa la kisarufi zaidi. Mchezo ulitoa sentensi ya masharti: *adui angetukuta hapa, tungepoteza meli mbili*. Mwamuzi akaifuta kabla haijajadiliwa. Sharti lililozuiwa kutamkwa kwa -nge- mwezi Mei lilitamkwa kwa -ngali- kuanzia Juni. Mchezo usioruhusiwa kumpinga mwenye cheo hubaki kuwa pambo la mpango uliokwisha kuamuliwa.

6.0 Asiye na kete

Kila kinachoweza kuagizwa katika mchezo kina kete: kikosi cha ndege, meli, batalioni, divisheni. Chenye kete kinaweza kuwa kiima cha kitenzi: *ziruke, zikaruka, zingeruka*. Kisicho na kete hakiwezi. Hivyo basi, orodha ya kete ni orodha ya viima vinavyoruhusiwa, na kuichunguza orodha hiyo ni kuichunguza itikadi ya matini.

Guadalcanal haikuwa kisiwa kitupu. Wenyeji wake walibeba mizigo, waliongoza doria na kuchukua habari. Maelfu ya Wasolomon walitumika katika kikosi cha vibarua kilichoshusha shehena na kupandisha risasi vilimani. Walinzi wa pwani, miongoni mwao Martin Clemens, waliwategemea. Jacob Vouza, askari polisi mstaafu, alikamatwa na Wajapani mwezi Agosti 1942, akafungwa mtini, akahojiwa na kuchomwa singe, lakini hakusema. Alijinasua, akafika kwa Wamarekani akiwa amejeruhiwa vibaya, akatoa habari za kikosi kilichokuwa kinakuja. Katika New Guinea, katika njia ya Kokoda, wapagazi wa Papua walibeba chakula kwenda mbele na majeruhi kurudi nyuma.

Katika mchezo, ugavi hutiririka wenyewe kutoka pembesita hadi pembesita kama nambari inayopungua njiani. Ripoti ya mlinzi wa pwani humfikia mchezaji ikisema meli ngapi zimeonwa, wapi, zikienda upande gani. Haisemi zimeonwa na nani. Katika Kiswahili ripoti hiyo ni kauli ya kutendwa isiyo na *na*: *meli tano zimeonwa*. Mtenda amefutwa, ingawa tendo lake ndilo lililofanya zamu iwezekane. Mchezaji hawezi kuuliza *Vouza angesema je?* kwa kuwa hakuna mahali pa kulitia swali hilo.

Kiswahili kina sababu ya kulitambua pengo hili upesi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wengi zaidi walikufa wakibeba mizigo katika vita hivyo vya Afrika Mashariki kuliko waliokufa wakibeba bunduki katika jeshi hilohilo la Waingereza, na lugha imewahifadhi katika jina la soko ilhali ramani nyingi za kijeshi zimewasahau. Katika Vita vya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikishuka bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Burma imo ndani ya ramani ya mchezo huu, na Kiswahili kilikuwa lugha ya amri kati ya maofisa na askari wengi wa King's African Rifles. Agizo lililojadiliwa katika sehemu ya 3.0 liliwahi basi kutolewa kwa Kiswahili katika vita hivyohivyo, likasikika katika sikio la mtu mwenye jina. Nambari ya nguvu ya kikosi haina mahali pa kuiweka lugha hiyo.

Isieleweke kwamba mchezo unalaumiwa kwa kufupisha. Kila matini hufupisha, na ufupisho huu una faida yake: njaa, ambayo masimulizi ya kishujaa huipita haraka, hapa ndiyo inayoamua. Askari wa Kijapani wenyewe waliligeuza jina la kisiwa. Silabi ya kwanza ya *Gadarukanaru* waliiandika kwa herufi inayosomeka *ga*, yenye maana ya kufa njaa, wakakiita *Gatō*, kisiwa cha njaa. Mchezo hufikisha maana ya jina hilo kwa nambari bila kulitaja. Kikosi kisichopata ugavi hudhoofika zamu hadi zamu, hata siku ya kushambulia huwa hakina wa kushambulia. Tatizo liko kwa msomaji anayeidhania orodha ya kete kuwa ni orodha ya watu.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba zamu katika mchezo wa vita vya Pasifiki ina muundo wa kisarufi unaoelezeka kwa mofimu za Kiswahili pasi na kuazima istilahi za kigeni. Agizo huwekwa kwa -e na -ki-, tukio husimuliwa kwa -ka-, na tathmini hufanywa kwa -nge- na -ngali-. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mwalimu wa sarufi anayetafuta muktadha wa kuonesha kwamba -nge- na -ngali- zinaweza kufanya kazi mbili tofauti anao mfano ambamo tofauti hiyo ina uzito: wakati ulio wazi wa mwenye kuamua, na wakati uliofungwa wa mwenye kusimulia. Pili, mhakiki wa matini za kidijitali anapaswa kuanza na orodha ya viima kabla ya kuuliza nani alishinda. Usiku wa Savo unaweza kuchezwa mara mia, na Mikawa akaendelea mbele mara zote mia. Katika michezo yote hiyo mia, aliyebeba sanduku la risasi kutoka ufukweni hadi kilimani hatakuwa amefanya uamuzi hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyempa kitenzi.